Zamu ya Maji

Mhariri alitaka muswada Jumatatu. Jumamosi hiyo nilikuwa kwa mama, juu ya Tengeru, nikizunguka kwenye migomba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilikuwa nimeandika riwaya ya vijana: msichana wa mlimani anagundua kwamba maji yanamtii. Sura ya mwisho ilikuwa na kasoro, nami sikujua iko wapi.

Nikamwomba mama akae, nikamsomea. Binti wa kaka yangu, wa darasa la saba, akasogea na ungo wake wa maharage. Nikasoma jinsi kiangazi kilivyochoma shamba, msichana akainua mkono, na mfereji mzima ukageuka ukaingia kwenye migomba ya mama yake.

Nikasubiri sifa.

"Zamu ilikuwa ya nani?" mama akauliza.

"Zamu gani, mama? Hayo ni maajabu."

"Maajabu sawa. Maji yalikuwa ya nani siku hiyo?"

"Shangazi, shujaa wako ni mwizi," binti akacheka. "Huku angeitwa kwenye kikao cha mfereji kesho yake!"

Kama hukukulia huku, nikueleze. Mfereji mmoja unashuka toka mlimani na kunywesha mashamba mengi. Kila nyumba ina siku na saa zake. Zikiisha, unaziba mdomo wa shamba lako kwa udongo na majani ya migomba, maji yaende kwa jirani. Nimelelewa na utaratibu huo, na bado niliusahau.

"Basi nimeharibu kitabu."

"Hujaharibu, mwanangu. Zamu yetu imeisha. Nenda kazibe."

Nikavua viatu. Maji yalikuwa baridi, yakasomba udongo wangu mara mbili. Migomba ya pembeni ilikuwa bado mikavu. Dakika kumi tu zingetosha. Nikasimama na tope mikononi, nikiitazama.

Jirani yetu mzee alikuwa ng'ambo, ameegemea jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unaziba, au unatunga hadithi?"

Nikaziba. Maji yakasitasita, kisha yakaenda kwake.

Nikampigia mhariri kabla sijakauka miguu, nikaomba wiki moja. Akauliza kuna tatizo gani.

"Msichana wangu anajua kuita maji," nikamwambia. "Hajajifunza kuyaachia."

Akaguna, akanipa siku nne.