Shemeji Yangu Hakubali Nusu

Shemeji yangu alikufa kampeni zikiwa zimepamba moto, na vitenge vyenye sura yake vilikuwa vimeshagawiwa kwa wanawake wa kata yetu nzima, hapa Nchelenge. Tulimzika yeye, vitenge vikabaki. Nikienda bombani kuchota maji, namkuta mgongoni mwa mwanamke, ameshikilia mtoto. Nikienda sokoni, namkuta juu ya beseni, amefunika samaki. Upepo wa ziwa ukivuma, alikuwa anapanda na kushuka kwenye kamba za nguo mbele ya kila nyumba, akinitazama kwa ule uso wake wa mtu aliyekwisha kukataa. Nasema wazi, niliogopa. Nikaacha kupita njia ya ufukweni.

Mimi ni mzaliwa wa Pweto, upande wa Kongo. Nililetwa huku na biashara ya samaki, ndoa ikanibakiza. Nje ya nyumba tunazungumza Kibemba kama watu wote, ndani mume wangu ananivumilia na Kiswahili cha kwetu, alichojifunza pamoja na kaka yake kwa wafanyabiashara kabla hajajifunza kwangu. Marehemu alikuwa kaka yake mkubwa, mgane asiye na mtoto, mgombea udiwani wa chama kidogo ambacho kwetu kilijulikana kwa jambo moja tu: ile miezi ambayo serikali inakataza uvuvi ili samaki wazaliane, ziwa lifungwe kwa watu wote na kwa samaki wote, bila kumbakizia mtu kadirisha. Wapinzani wake walitaka lisifungwe kabisa.

Mume wangu alitaka katikati. Fungeni kwa samaki wakubwa, alisema, lakini acheni chisense, wale wadogo kama kidole wanaoanikwa mchangani, maana ndio mboga ya nyumba maskini. Ndugu hao wawili walibishana uani kwetu mpaka chai ikapoa. Shemeji alikuwa hali chisense hata ungemfunga kamba.

"Nyavu ya chisense inabebaka na batoto ya samaki ingine," alikuwa akisema. "Miye sikulake batoto."

Mume wangu naye, kwa makusudi, aliwala mbele yake, wamekaangwa na nyanya, akilamba vidole.

Mgombea akifa, uchaguzi unapangwa upya. Wakubwa wa chama wakaja kutoka Mansa na pole zao. Walikuwa wamechoka siku nyingi na msimamo wa marehemu. Walisema chama kinachong'ang'ania neno moja kitapigiwa kura na wajomba na mashangazi tu, na wengi wako katikati, kwa hiyo chama nacho kisogee katikati. Wakamtaka mume wangu agombee. Halafu wakaomba jambo lingine: ukoo uharakishe kumrithisha jina la kaka yake kabla kampeni hazijaanza tena.

Kwetu huku mtu akifa, ukoo unachagua wa kukaa mahali pake. Anaketishwa mkekani, anafungwa shanga nyeupe, anapewa maji ya kunywa, na tangu hapo anaitwa kwa jina la marehemu. Bibi wa ukoo anamsalimia kama alivyomsalimia yule. Aliyekuwa mkubwa wake jana, leo anamwamkia. Wale wa Mansa waliona hapo ni kura za bure. Watu wangempata mtu wao waliyempenda, akiwa na maneno laini zaidi, na vitenge vilivyobaki visingeharibika. Mimi pia niliona ni akili kubwa. Dada yangu anaishi kwa kuuza chisense, nami nilitaka ile katikati ipite.

Mume wangu ndiye aliyesita. "Kama bananiweka pa nafasi yake, nani atasema? Miye ao yeye?"

"Weye," nikamjibu. "Kinywa ni yako, lakini."

Wakamrithisha. Aliyemfunga shanga alikuwa shangazi yao, mama mkavu mwenye mikono baridi. Maji mume wangu aliyanywa yote bila kupumua.

Asubuhi ya mkutano wa kwanza nilimpigia pasi shati huku akinisomea atakayosema. Ilikuwa nusu kwa nusu, nzuri kabisa. Mchana tukaenda uwanjani karibu na gati. Wanawake walikuwa wamekaa mbele, chini, miguu imenyooshwa, na mapajani mwa kila mmoja sura ya shemeji imelala ikitazama juu.

Mume wangu alisema tukutane katikati, chisense waachwe. Hakuna aliyezomea. Ningefurahi kama wangezomea. Wanawake waliinamisha macho wakaangalia vitenge vyao, kama watu wanaomsubiri mwingine amalize kujibu. Ndipo shangazi akasimama bila kuitwa. Akapiga magoti, akamsalimia kwa jina la marehemu.

"Awe, mukwai," akakataa kwa heshima zote. Halafu, kwa Kibemba na kwa sauti ya upole, akamwambia kwamba kabla ya kwenda alikokwenda aliwaahidi ziwa lote. Sasa amerudi, mbona anawaletea nusu?

Mume wangu akakohoa, kikohozi kifupi, kikavu, kile ambacho shemeji alikuwa akikohoa kila alipotaka kukataa. Akasema ziwa litafungwa kwa wote. Wanawake hawakupiga vigelegele. Waliitika pamoja, chini chini, "Mukwai," na wale wa Mansa wakazama kwenye simu zao.

Nyumbani nilimkabili. "Juu ya nini uligeuka?"

"Sikugeuka."

"Asubuhi ulisema tutaacha chisense."

"Nani alisema?" Hakuwa na kejeli. Aliuliza kama mtu anayeulizia habari za mji mwingine.

Alishinda. Leo wale wa Mansa wanasema redioni kwamba chama chao hakijawahi kuyumba, na pengine hawakukosea, pengine samaki watarudi kweli. Mimi siasa yenu siijui sana. Ninachojua ni kwamba chama kikikaza au kikilegeza, kinakwenda kulala zake. Anayelala kitanda kimoja na ule msimamo ni mimi.

Miezi ya kufunga ikafika. Mitumbwi ilipinduliwa mchangani, dada yangu akapindua beseni lake na hasemi nami. Nilikuwa nimeficha chisense wakavu tangu kabla ya katazo. Mchana mmoja nikawakaanga na nyanya, wengi, harufu ikajaa uani, nikamwita mume wangu.

Alikuja akageuza kiti, akakaa ameligeuzia ziwa mgongo, kama alivyozoea kaka yake. Akaitazama sahani, akaisukuma kwa kidole kimoja.

Nikamwita kwa jina lake, lile la zamani, alilonitajia siku aliponitongoza sokoni. Aligeuka akaangalia mlangoni kuona ninamwita nani. Nikajaribu tena, polepole, kwa lile neno ambalo sikutaka kulisema.

"Shemeji."

"Eh, shemeji," akaitika mara moja, kwa adabu, akanisogezea sahani. "Hii umuwekeye mudogo yangu. Yeye ndo anaipendaka."

Nikaichukua, nikaifunika, nikamwekea.