Nunua Ile Ndogo, Uketi Nje

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili moja kule Kakuma ambapo amplifaya yangu ilizungumza kanisani kabla ya padri. Nakuambia haya kwa sababu juzi ulinionyesha kwenye simu picha ya kiamplifaya kidogo cha gitaa, ukubwa wa mkate, ukaniuliza, "Shangazi, hii ni kitu kweli ama ni ya kuchezea watoto?" Ulitaka jibu la ndiyo au hapana, halafu uendelee na mambo yako. Mimi sina majibu mafupi, wewe unanijua. Mimina chai, keti, na hiyo simu iweke kifudifudi mpaka nimalize.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba kama wewe, na maringo ya kutosha ukoo mzima. Nilikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya kanisa letu hapa Lodwar. Gitaa lenyewe lilikuwa mali ya kanisa, la umeme, jekundu, lililoachwa na mmishonari mmoja aliyerudi kwao. Nilijifunza kwa kuangalia vidole vya watu kwenye kanda za video. Lilikaa nyumbani kwetu chini ya kitanda changu, na nililipenda kuliko nilivyowapenda watu wengi niliowajua.

Mwenyekiti wa kwaya hakupendezwa. Alikuwa na mpwa wake aitwaye Ekal, ambaye ilisemekana naye anajua kupiga, na kila mkutano mwenyekiti aliuliza kwa upole kama dada Akai hachoki kubeba kitu kizito namna ile. Nilimjibu kwamba nabeba mitungi miwili ya maji kutoka mtoni kila asubuhi na hajawahi kuniuliza kama nimechoka.

Basi kwaya yetu ikaalikwa Kakuma kuimba misa pamoja na kwaya za kambi ya wakimbizi. Nikajua hiyo ndiyo nafasi yangu ya kumfunga mwenyekiti mdomo. Lakini gitaa la umeme bila amplifaya ni bubu, unalisikia vizuri ukililalia tu, na amplifaya ya zamani ya kanisa ilikuwa imejaa vumbi ikafa. Mwezi mmoja kabla ya safari nikauza mbuzi wangu, nikapanda lori kwenda Kakuma kutafuta nyingine. Siku hizo, kama leo, kitu kikikosekana Lodwar watu walikitafuta kwa wafanyabiashara wa kambini.

Nikaelekezwa kwa Mzee Lual. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mrefu hata akiwa ameketi. Alitengeneza redio, aliuza betri, na Jumapili aliongoza kwaya ya kanisa la kambini. Alinipa kiti, akaniuliza maswali kama daktari.

"Nyumbani unapiga wapi?"

"Ndani."

"Nani anasikia?"

"Hakuna mtu."

"Wewe mwenyewe unasikia?"

"Kidogo."

Akainama chini ya meza, akatoa kisanduku cheusi unachoweza kukipakata kama mtoto mchanga. "Chukua hii. Inatumia betri. Hii ni ya kufanya mazoezi. Siku ya misa utaweka waya kwa spika zetu, hakuna haja ya kubeba kitu."

Mwanangu, mtu mzima aliyekwisha kuona mambo alikuwa amenipa jibu lote, bure, kabla hata sijatoa pesa. Mimi nilikuwa naangalia nyuma yake. Kulikuwa na amplifaya nyingine pale kwenye kona, kimo cha mbuzi beberu, yenye vitufe vinavyong'aa na magurudumu chini. Nikajiona naingia kanisani nikiisukuma, na Ekal kando ya mlango akimeza mate. Nikajiona pia naingia na kile kisanduku, na Ekal akiuliza kama nimeleta sadaka ya sabuni.

"Nataka ile," nikasema.

"Ile inataka umeme. Nyumbani uko na umeme?"

"Unakuja."

"Lini?"

"Karibu."

Mzee Lual akainuka kwenda kuivuta. "Maleshi, haidhuru, binti yangu. Pesa ni yako."

Nilirudi Lodwar na mzigo wangu juu ya lori lililokuwa limepeleka samaki wakavu. Samaki walikuwa wameshuka lakini harufu ilikataa kushuka. Nyumbani mama aliifunika amplifaya kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, akaweka picha ya ubatizo wangu juu yake. Wageni walikuja kuiona. Wengine waliigusa. Hakuna aliyeisikia, kwa sababu umeme haukuja, na bado ulichukua miaka kufika mtaa wetu.

Sasa elewa namna tulivyoishi, maana ndipo kosa langu lilipozaliwa. Hapa kwetu, jua likianza kulegea, hakuna mtu anayekaa ndani. Joto lenyewe linakufukuza. Kila mtu yuko nje na mkeka wake au kigoda chake, na lolote unalofanya lina mashahidi wenye maoni. Ukipika, wanajua chumvi imezidi. Ukisuka nywele, wanajua umependelea upande mmoja. Mimi, mpiga gitaa wa kanisa, sikutaka mtu asikie nikijikwaa. Kwa hiyo nilijifungia chumbani, mlango na dirisha, jasho likinitiririka mpaka kwenye nyuzi, nikapiga gitaa lile bila amplifaya yoyote kwa wiki tatu. Lilitoa sauti ya inzi anayetembea juu ya karatasi. Nami nikasikia sauti ya inzi, nikajiona hodari.

Jumapili ikafika. Kanisa la Kakuma lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Tukasukuma amplifaya yangu mpaka mbele, jenereta likawashwa, waya ukaingizwa. Mzee Lual alikuwa upande wa kwaya yao. Alinionyesha spika zao kwa mkono, kuuliza kama nimebadili nia. Nikatikisa kichwa kama mke wa mkuu wa mkoa.

Nikapiga mara ya kwanza na mbuzi waliokuwa wamelala kivulini nje wakakimbia. Hiyo haikunisumbua, nilifurahi hata. Shida ilianza tulipofika kiitikio. Pale ambapo vidole hubadilika kuingia kiitikio, kidole changu cha mwisho kilikuwa kinagusa uzi wa jirani yake. Kilikuwa kimeugusa kila siku kwa wiki tatu, bila mimi kujua. Siku hiyo nilijua, na Kakuma nzima ikajua. Ule uzi ulilia kama mtu aliyekanyagwa. Wimbo ulikuwa na beti nne, kwa hiyo na viitikio vinne. Kufikia cha tatu, sauti za juu zilikuwa zimeelekea Uganda na sauti za chini zimebaki Lodwar, na mpiga ngoma alikuwa ameamua kuimba misa yake mwenyewe. Nami, kwa akili zangu za siku hizo, nikaongeza sauti ili nifunike kosa.

Tukamaliza. Padri akainamisha kichwa kusali kimya. Kanisa lote likanyamaza, hata watoto.

Sasa, wewe unajua magari ya mashirika ya misaada yalivyo na redio za kuitana. Amplifaya yangu kubwa, na ule waya wake mrefu, ilikuwa inanasa mawimbi yao. Katika ule ukimya ikakoroma kidogo, na sauti ya mwanamume ikasema kwa nguvu kutoka mbele ya altare: "Niko njia ya Loki, tairi imepasuka, naomba msaada, ova."

Nyanya mmoja kiti cha mbele akajibu, "Amina."

Padri, Mungu ambariki popote alipo, aliinua kichwa akasema tuwaombee wote walio safarini. Lakini watu walikuwa wamekwisha kucheka. Wamama walificha nyuso kwa leso, mabega yakitetemeka. Nilichomoa waya. Nyimbo zilizobaki ziliimbwa kwa ngoma tu, nami nikasimama pale na gitaa shingoni.

Baada ya misa mwenyekiti alinijia, na safari hii hakuuliza kwa upole. "Sikukuu ya mtakatifu somo wa kanisa letu iko baada ya wiki sita. Dada Akai, ukiharibu tena, gitaa linaenda kwa Ekal. Nimesema mbele ya watu."

Nikaenda kulia nyuma ya tangi la maji. Kuchekwa kuliniuma, lakini hilo si kubwa. Nililia kwa sababu niliogopa huenda mwenyekiti ana haki, kwamba kitu nilichokipenda hivyo sikijui.

Mzee Lual alinifuata huko. Sikusikia pole kutoka kwake.

"Kidole cha mwisho kinagusa waya wa pili," akasema. "Nyumbani ulikosea hapo mara ngapi?"

"Sijui."

"Hiyo ndiyo shida. Kukosea kila mtu anakosea. Wewe hujui." Akaketi juu ya jiwe. "Kalas, basi. Hiyo kubwa nirudishie. Nitakupa ile ndogo na betri za wiki sita. Lakini upige nje, watu wasikie."

"Watanicheka, mzee."

"Leo je, walilia?"

Nilirudi na kile kisanduku kwenye mapaja. Baba yangu alikuwa amekuja mjini kutoka kwa ngamia wake, akakigeuza geuza mkononi. "Huyu ana kelele kidogo," akasema. Nikamweleza yote, hata ile tairi ya njia ya Loki. Alicheka mpaka akatema tumbaku. Kisha akaniambia kwamba yeye humfungia ngamia wake kengele ya mti ili yeye mwenyewe, mwenye ngamia, amsikie akianza kupotea. "Majirani wasikie ya nini? Si ngamia wao. Wewe umefunga kengele ya kusikika mpaka Kalokol, halafu ngamia wako amepotea na uko naye chumbani."

Basi nikaketi nje. Jirani yetu, Mama Ewoi, alikuwa muuza samaki, na kila alasiri alikaa hatua kumi kutoka kwangu akipanga samaki wake. Mwanamke huyo hajawahi kushika gitaa maishani. Siku ya kwanza tu, nilipofika kiitikio, akainua kisu.

"Akai! Hapo umekosea."

"Wapi?"

"Hapo. Kuna kitu umekanyaga."

Nikarudia. "Umekanyaga tena," akasema. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Nilimchukia, mwanangu, nakuambia ukweli. Lakini kila aliposema, na mimi nilisikia, maana kile kisanduku kilikuwa kinatoa sauti ndogo na safi, hakinifichi wala hakinipambi. Wiki ya pili nikamsikia Mama Ewoi akiuimba ule wimbo huku anapara samaki, na alipofika kiitikio aliimba pamoja na kosa langu ndani yake. Watoto wa mtaa nao wakaimba vivyo hivyo. Nilikuwa nimefundisha mtaa mzima kukosea! Nikaona hakuna njia, nikaanza upya, polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetoa mwiba. Nikikaribia pale pabaya Mama Ewoi aliacha kisu, akasema, "Haya sasa!" Nikipita salama aliendelea na samaki wake.

Sikukuu ya somo ikaja. Kile kisanduku nilikiacha nyumbani, nikaweka waya kwenye spika za kanisa, na mikono yangu ilikuwa baridi ingawa tulikuwa Lodwar. Ekal alikaa kiti cha pili amevaa shati jipya. Tulipokaribia kiitikio nikasikia upande wa wanawake mtu akivuta pumzi na kusema, bila kujali ni kanisani, "Haya sasa!"

Nikapita. Kidole hakikugusa kitu. Mama Ewoi akapiga vigelegele katikati ya wimbo, na wanawake wote, wakidhani ndivyo wimbo unavyokwenda, wakampokea. Kwaya ikaongezeka nguvu, nami nikaimba na machozi, sikuona aibu hata kidogo. Mwishoni mwenyekiti alinipita mlangoni. "Gitaa libaki kwako," akasema, akaendelea kutafuta viatu vyake. Juma lililofuata Ekal alikuja nyumbani, akazungukazunguka, mwishowe akauliza kile kisanduku nilikipata wapi.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu lako ni hili. Kinunue. Si cha kuchezea watoto, mradi ujue ni cha kazi gani. Usikipeleke kwenye harusi ukitegemea kitawachezesha watu, kitakuaibisha. Kabla ya kulipa, chomeka gitaa lako palepale dukani, cheza ule wimbo unaokushinda, na kama kisanduku kinakufanya usikike hodari kuliko ulivyo, kirudishe. Usikiache juani, jua la hapa huua betri. Waya uweke mbali na mbuzi. Na hivi vya siku hizi naona vina tundu la kuchomeka spika za masikioni. Litumie mtoto akiwa amelala, ama mgonjwa yupo nyumbani, na si zaidi, kwa sababu ukijifungia humo masikioni utakuwa umerudi chumbani kwangu na dirisha limefungwa. Keti nje. Piga mahali ambapo mtu anaweza kukuambia umekosea, na akikuambia, mshukuru hata kama umemkasirikia.

Nenda basi. Mungu akupe vidole vyepesi na jirani asiyekuonea haya, na siku utakaposimama mbele ya watu, uwe umeshayamaliza makosa yako nyumbani.