Siku Jua Lilipochomoza Magharibi

Nakumbuka siku moja jua lilichomoza magharibi. Usicheke, mwanangu. Au cheka tu, maana kijiji kizima kilicheka kabla yako. Nilikuwa nimesimama kwenye uwanja wa shule yetu, kule vijijini Nyarugusu, nimevaa shati la kuazima, wazazi wote wamekaa mbele yangu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umenyooka kama mkuki, nikiwaonyesha watu mashariki. Na jua la asubuhi lilikuwa linanichoma kisogo.

Mgeni wetu, Bwana Rajabali, akaniuliza taratibu, kama mtu anayemuuliza mgonjwa, "Kijana, hicho kinachokuchoma kisogo ni nini?"

"Ni jua, Bwana."

"Limetokea upande gani?"

Nikafikiri. Mashariki nilishaionyesha, na mkono ulionyooshwa mbele ya watu haurudi kwa urahisi. Nikasema, "Magharibi, Bwana."

Mzee mmoja wa mstari wa mbele alicheka mpaka akaanguka na kigoda chake. Mama yangu akajifunika uso kwa khanga. Na palepale, mbele ya macho yangu, safari yangu ya kwenda sekondari ikafa.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ujinga wangu wa siku ile nao uliundwa, na waliouunda nawajua kwa majina.

Tulikuwa kwenye miaka ya tisini. Dhahabu ilikuwa imewapanda watu kichwani. Mkulima aliacha pamba shambani ikajianika yenyewe, mchungaji alimwachia mke ng'ombe, kila mtu alikimbilia kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji. Mwalimu wetu, Mwalimu Maganga, naye alikuwa binadamu. Alianza kwa kuchelewa, akaendelea kwa kuwahi kuondoka, mwisho akawa mgeni darasani. Buti zake zilikuwa na udongo mwekundu wa shimoni, na chaki alizishika kama mtu anayeshika kitu cha jirani.

Katika hali hiyo ndipo Bwana Rajabali, mfanyabiashara wa vitambaa na baiskeli pale mjini Kalangalala, mtu mwema ambaye babu zake walitoka Bara Hindi, alipotuletea redio. Aliinunua kwa moyo safi. Alisikia kwamba kuna vipindi vya shule hewani, akasema watoto wa Nyarugusu nao wasikie sauti ya mwalimu wa Dar es Salaam. Tuliipokea kwa ngoma. Mimi, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza darasani, nikafanywa mtunza redio. Kazi yangu ilikuwa kuifunika kitambaa na kuanika betri juani zikichoka, ili zipate nguvu ya kumalizia juma. Nilitembea kwa maringo kama mtu anayechunga ng'ombe wa chifu.

Mwalimu Maganga alifurahi kuliko sisi. Maana sasa alikuwa na msaidizi asiyedai nyumba wala likizo. Asubuhi aliwasha redio, akatuambia tumsikilize Mama wa Redio, akapitia mlango wa nyuma kwenda kwenye duara lake. Paka akiondoka, panya hutawala, lakini sisi hatukutawala kitu. Tulikaa kimya tukasikiliza. Sauti ya yule mama ilikuwa tamu kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Kiswahili hiki ninachokuandikia, sehemu kubwa ni mkopo wake. Sitamsema vibaya.

Ila alikuwa na tabia moja. Aliuliza swali, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Vizuri sana." Ujibu sawa, ujibu upuuzi, ukae kimya unakwangua miguu, yeye alisema vizuri sana. Nasi tulivimba vichwa. Hakuna aliyewahi kutusifu hivyo. Mwalimu Maganga akiwepo alitusifu kwa fimbo.

Siku ya somo la dira, Mama wa Redio alituambia, "Watoto, simameni. Mbele yenu ni kaskazini. Nyuma yenu ni kusini. Kulia kwenu ni mashariki, na kushoto kwenu ni magharibi. Haya, nyoosheni mkono wa mashariki." Tukanyoosha. "Vizuri sana."

Sasa, mwanangu, elewa hapa ndipo shimo lilipo. Yule mama alidhani yupo mwalimu aliyetugeuza kwanza tutazame kaskazini. Mwalimu hakuwepo. Tulisimama kama tulivyokaa, tukiutazama ubao, na ubao wa darasa letu ulikuwa kwenye ukuta wa kusini. Kwa hiyo dunia yote tuliimeza kichwa chini miguu juu. Ziwa lililokuwa nyuma yetu tukaliita kusini. Jua lilikuwa likituingilia kwa dirisha la kushoto, tukaambiwa kushoto ni magharibi, tukakubali.

Nilishtuka kidogo, sitakudanganya. Redio ilisema jua huchomoza mashariki, na mimi nililiona linachomoza upande tulioambiwa ni magharibi. Nikanyoosha kidole niulize. Nilikinyoosha mbele ya redio kwa adabu, nikangoja. Redio ikasema vizuri sana, ikapiga muziki. Basi nikajipa jibu mwenyewe, kwamba jua la Dar es Salaam lina njia yake, na letu lina yake. Jibu hilo nikawagawia na wenzangu.

Ndipo Bwana Rajabali akaja kuona matunda ya redio yake. Alikuwa ameahidi kwamba mtoto atakayemridhisha atamsomesha sekondari Shinyanga mjini, akae kwa dada wa Bwana Rajabali, ale na kulala huko. Kijiji kizima kilijua mtoto huyo ni mimi. Mama alikwisha kunikatia viazi vitamu na kuvikausha juani, michembe ya safari. Nikasimama, na yaliyotokea nimekwisha kukusimulia.

Lakini Bwana Rajabali hakuwa mtu wa kucheka haraka. Aliwaambia watu watulie, akaagiza darasa letu lote lisimame lionyeshe mashariki. Mikono yote ikapanda kwa pamoja, safi kama gwaride, yote imeelekea magharibi. Mtoto mmoja akikosea ni mjinga. Wakikosea wote upande mmoja, kuna aliyewafundisha.

Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu Maganga, redio haina macho. Mwenye macho ni wewe. Kipindi kikianza, wewe huwa wapi?"

Mwalimu alikohoa. Akatazama buti zake. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo limenikaa rohoni kama mwiba, "Bwana, hawa ni watoto wa wachunga ng'ombe. Vichwa vyao vizito."

Hilo halikuwa jibu la swali. Bwana Rajabali alijua, sisi tulijua, hata yule mzee aliyekuwa anajipangusa vumbi alijua. Lakini mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Lutonja, ambaye lile duara alikuwa nalo kwa ubia na mwalimu, aliinuka upesi akasema muda umekwenda, tusikilize kwaya. Kwaya ikaimba. Swali likazikwa kwa nyimbo, na Bwana Rajabali akapanda pikapu yake. Mwaka ule alimchukua mtoto wa shule ya kijiji kingine. Na mwaka ule ndio tulikuwa tunamaliza la saba.

Njiani kurudi nyumbani mama hakunigombeza. Alitembea mbele yangu na michembe yake kichwani, maana alikuja nayo uwanjani kabisa, mama wa watu. Kisha akauliza, "Luhende, hiyo kaskazini ni kitu gani hasa?"

Nikamwambia kwa uchungu kwamba kumbe ni kule ziwani, ndivyo alivyosema Bwana Rajabali.

Akasimama. "Kule ziwani si ndiko sukuma?"

Unajua, mwanangu, kwa lugha yetu sukuma ndiyo hiyo kaskazini. Dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Mimi maneno hayo niliyajua kabla sijaota meno ya pili. Ungenitupa porini na ng'ombe, ungeniambia nenda kiya, ningekwenda bila kukosea. Ila hakuna aliyekuwepo darasani wa kuniambia kwamba kaskazini ya vitabuni ndiyo sukuma ya nyumbani.

Mama akaweka mzigo chini, akacheka mpaka akakaa. "Msukuma," akasema, "Msukuma mzima umeshindwa kulijua jina lako." Nami nikacheka, machozi yakitoka. Tukakaa pale kando ya njia tukala michembe ya safari isiyokuwepo.

Baada ya hapo unajua nilikokwenda. Nilikwenda kuvuta ndoo za mawe kwenye duara, na duara lenyewe la nani, kama si la Mwalimu Maganga na Mzee Lutonja. Huko chini hakuna kaskazini wala kusini, kuna juu na chini tu, kwa hiyo sikupotea. Siku moja kifusi kilinifukia, wenzangu wakanifukua. Nilitoka na pumzi zangu zote na mguu mmoja uliokataa kunyooka. Nimeishi. Nimezeeka kabla ya umri, lakini nimeishi, na utani ninao.

Sasa nakuona wewe umeinamia simu, unasoma masomo yanayotoka mbali. Sikukatazi. Asiye na kisima hakatai mvua. Mimi mwenyewe nilinyweshwa na mwalimu wa hewani, na bado nina kiu naye. Wala sisemi darasa la ubao ni peponi, maana lile letu ubao ndio uliotupoteza. Lakini naona hiyo simu nayo ukibonyeza inakupigia makofi na kukurushia nyota. Naisikia ile "vizuri sana" ya redio.

Basi nasaha yangu ni hii, ng'wanawane, mwanangu. Jifunze kwa simu, kwa redio, kwa kitabu, kwa ndege wa angani ukitaka. Ila kila ulichojifunza, kipeleke kwa mtu anayekuona, mtu anayejua umesimama wapi na unatazama wapi. Awe mwalimu, awe dada yako, awe mama mwenye michembe kichwani. Mwombe akuambie umekosea wapi. Anayekukosoa usoni anakupenda kuliko anayekusifu bila kukusikia. Na neno geni likija, liulizie jina lake la nyumbani kabla hujalimeza. Ukiona jua na somo vinabishana, usilitungie jua uongo. Shikilia kidole chako juu mpaka mtu akione.

Mungu akupe wa kukugeuza pale unapotazama siko. Akupe masikio, na wa kukusikia pia. Jua lako lichomoze kiya, lizame ng'weli, na katikati yake upate riziki usiyolilia.

Na wewe, Mwalimu Maganga. Mzee Lutonja ametangulia, yeye atajibu huko aliko. Wewe upo, unafuga kuku pale Kalangalala. Nikipita nakuamkia shikamoo, unaitikia marahaba, unaniuliza habari za mvua. Mvua ni nzuri, mwalimu. Lakini liko swali uliloulizwa uwanjani mbele ya wazazi wetu, likaimbiwa kwaya, na mpaka leo halijajibiwa. Kipindi kilipoanza, ulikuwa wapi? Jibu, mwalimu. Mimi si redio. Sitasema vizuri sana kabla sijakusikia.