Mkono Mmoja Ukutani

Nchi yetu ilipeleka mwogeleaji mmoja wa mtindo wa chura kwenye mashindano makubwa ya nchi za Afrika, na pamoja naye ikapeleka viongozi wanne wa kumwangalia. Mwogeleaji huyo nilikuwa mimi. Wale wanne waliangalia nini, mpaka leo sijui, maana siku ya mbio yangu watatu walikuwa madukani wakiwatafutia wake zao viatu.

Mimi ni mtu wa Kibuyuni, kando ya bahari. Kwetu hakuna anayefundishwa kuogelea. Mtoto hujikuta anaogelea kama alivyojikuta anatembea. Nilichofundishwa mimi ni adabu. Nililelewa na bibi mzaa mama, mwanamke mfupi mwenye kofi refu, na kwa bahati mbaya nilizaliwa mashoto. Bibi hakulikubali hilo. Nikiupeleka mkono wa kushoto kwenye sinia, unapigwa. Nikipokea kitu kwa kushoto, unapigwa. Mbele ya mtu mzima ndiyo usionekane kabisa. "Huo una kazi yake chooni," alikuwa akisema, "usinitolee mbele za watu." Nilipofika miaka saba, mkono wenyewe ulikuwa umeshika adabu kunishinda mimi.

Nilipokua nikapata kazi katika hoteli moja ya Diani, ya kuopoa majani bwawani. Kisha zikaja zile vurugu za mwaka wa tisini na saba, na wageni wakatuhama. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni hakuja, na wenyeji tulikuwa hoi. Wafanyakazi walirudishwa makwao mmoja mmoja, hata meneja akatuambia kwamba bwawani itabaki nafasi moja tu, ya mwalimu wa kuwafundisha watoto wa wageni kuogelea. Tuliokuwa tukiitaka tulikuwa wawili: mimi, na mwenzangu mmoja wa kutoka bara, kijana mwenye firimbi. Firimbi hiyo hakupewa na mtu, alikuja nayo. Majini hakuwahi kuingia kupita kiuno, kila siku ana mafua. Lakini alikuwa na kitabu cha kuogelea, na meneja wetu alikuwa mtu wa kuheshimu vitabu.

Siku moja mkubwa mmoja wa chama cha waogeleaji alikuja kupumzika pale hotelini, akaniona nikivuka bwawa kwa chura, akasema timu ya taifa haina mtu wa mtindo huo. Mwenye firimbi akadakia hapo hapo kwamba yeye ndiye kocha wangu. Meneja naye akatoa neno lake mbele yetu sote: "Niletee karatasi yenye jina lako na muda wako, niitundike mapokezi wageni waione. Kazi itakuwa yako." Sikuambiwa nishinde. Niliambiwa nimalize mbio niandikiwe muda, basi. Nikaona kazi nimeshaipata.

Bwawa letu lilikuwa na umbo la figo, halikuwa na ukuta ulionyooka hata mmoja, kwa hivyo nilifanyia mazoezi baharini, kati ya mashua mbili zilizotia nanga. Nikifika kwenye mashua ninashika ubavu wake kwa mkono wa kulia, ninageuka, ninarudi. Kocha alikaa mchangani chini ya mwavuli, akipiga firimbi kila alipokumbuka. "Uko fiti, boss," aliniambia. "Hao watatujua."

Wakatujua kweli.

Siku ya mashindano, wenzangu saba wa mchujo wangu walikuwa vipande vya watu, wamenyoa hata miguu. Mimi nilivaa chupi ya kuogelea ya kuazima, ambayo ilikuwa na safari yake na mimi nina yangu. Tukaruka. Wallahi niliogelea siku ile. Mita hamsini za kwanza nilikuwa nimewaacha watu wawili, na moyo ukaniambia kazi hiyo.

Nikaufikia ukuta. Juu yake alikuwa amechutama mzee mwenye mvi, nguo nyeupe toka juu hadi chini, ananikodolea macho. Alikuwa mwamuzi, lakini mimi niliona mtu mzima. Mkono wa kulia ukagusa ukuta chini ya miguu yake, na wa kushoto ukajirudi wenyewe ukajificha mgongoni. Sikuutuma. Nikageuka, nikarudi, nikamaliza wa sita, na upande ule pia alikuwepo mzee amechutama, na mkono ukafanya yale yale.

Nikatoka majini nikitabasamu kama bwana harusi, nikamwinamia yule mzee, nikamwambia shikamoo. Hakuitikia, alikuwa anaandika. Baadaye kocha akaja na karatasi. Jina langu lilikuwapo, na mbele ya jina, mahali pa muda, hapakuwa na kitu.

"Wamekufuta," alisema. "Kwa chura lazima uguse na mikono yote miwili, kwa wakati mmoja."

"Ulikuwa unajua?"

"Kila mtu anajua, bro. Iko kwa kitabu."

Nilitamani kumsukumia pale penye kina, nione kama kitabu kinaelea.

Makocha wote walipewa cheti cha kushiriki, chenye muhuri na jina la mashindano. Chake kikatundikwa mapokezi, ndani ya fremu, na kazi akapewa yeye. Alifundisha akiwa amekaa ukingoni, firimbi mdomoni, miguu mikavu. Mimi nilifunga virago nikarudi Kibuyuni.

Nilimkuta bibi anapeta mchele. Nikamhadithia yote, sikumficha neno. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nikamwambia, na nilikusudia limuume. Ungo ukasimama.

"Kwa hivyo ungeutoa wa kushoto ungepata kazi?"

"Naam, bibi."

Akaitazama mikono yake mwenyewe, na nikajuta kusema. Kisha akauliza, "Na huyo mzee wa pale juu, ulimwamkia?"

"Nilimwamkia."

"Akaitikia?"

"Hakuitikia."

"Basi huyo ndiye wa kufutwa," alisema, akaendelea kupeta.

Siku ile alinipakulia sinia peke yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akageuka akatazama mlangoni ili nile nitakavyo. Nilikaa na wali ule mbele yangu, hakuna wa kunipiga. Nikala kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa pajani, pale alipoufundisha kukaa.