Ile Mwaka Tulitafuta Beki Munene

Juma iliyopita mujukulu yangu alinipigia telefone kutoka Amerika. Siku hizi habatumi sauti tu, banakuonyesha na sura, unaona mwenyewe kama mutu amekonda. Yee hakukonda. Aliondoka hapa Mantapala, kambi ya bakimbizi ya huku Nchelenge, na mama yake, binti yangu, miguu kama ya ndege, na leo anasoma masomo ya juu kule, mashavu imejaa. Nilimuuliza kama anakula bukari, ugali yetu. Akasema, "Nkambo, acha kwanza bukari, niko na wasiwasi."

Wasiwasi yenyewe, rafiki yangu, ni mupira. Si mupira kama yetu. Ile ya kwabo iko ndefu sawa kipande ya muhogo, na banaibeba mu mikono. Akanionyesha: kijana moja anasimama nyuma, anatafuta mwenzake wa kumutupia, na mbele yake kuna banene batano. Bale batano habagusi mupira. Kazi yabo ni kusimama na kusukuma, ili yule wa nyuma asiangushwe. Bon, kwa ekipe ya masomo yake, timu ya chuo yabo, bale batano ni bembamba, na kijana wa nyuma anakula majani kila Jumamosi. Sasa yee na benzake banashinda na telefone mu mikono, banangojea habari ya kijana moja munene sana anayemaliza sekondari. Bakubwa ba mupira balienda mpaka kwabo, balikula pa meza yabo. "Atasema ndiyo, Nkambo?"

Nikamuuliza, "Balienda kuongea na nani?"

"Na baba yake."

Mayo wee! Nilicheka mpaka kuku za jirani zikakimbia. Nikamwambia, "Barudi batafute ndugu ya mama yake. Kisha hapo atakuya tu, lala muzuri." Akafikiri ninachanganyikiwa. Lakini mimi ile maneno ya kutafuta munene niliiona na macho yangu, wakati meno yangu ya kwanza ilikuwa inaanguka.

Nilizaliwa hapa hapa Nchelenge, pa kambi ya bavuvi, pembeni ya ziwa Mweru. Baba alikuwa mutu wa ng'ambo, wa Congo, mama wa huku. Mu nyumba tulisema Kibemba, pa soko ya samaki tulisema Swahili, na mu hasira tulichanganya yote. Asubuhi banamuke balianika chisense, bile bisamaki bidogo, juu ya muchanga mpaka pwani yote inang'aa. Siye batoto tulikuwa na kazi ya kugeuza na kufukuza kunguru. Harufu haikutoka mu mikono, tuliingia nayo mpaka kanisa. Mchana ilikuwa kutwanga muhogo. Kila nyumba na kinu yake, ukisikia tu unajua ni nani anatwanga na kama amegombana na bwana yake.

Siku ya Mungu, kisha kanisa, ilikuwa mupira. Kambi yetu na kambi ya upande wa Kashikishi. Yaya, kaka yangu mukubwa, njo alikuwa kipa. Mbele tulikuwa na bakimbiaji bazuri, lakini nyuma, rafiki yangu, haya ilikuwa inatukamata. Beki moja alikuwa mushona nyavu mwenye kukohoa. Wa pili alikuwa anafunga macho kama mupira inakuya. Bale ba Kashikishi balipita hapo sawa mu mulango bila kitasa, na yaya alibaki peke yake na banaume bane juu ya kifua. Alirudi nyumbani pua inatoka damu, siku ingine nyusi imepasuka, siku ingine jino iko mu mukono.

Ile siku ya jino mama aliangusha mwiko. "Sikia muzuri. Uniletee damu mara moja tena mu hii nyumba, mupira imeisha. Nitakutuma ng'ambo kwa baba mudogo, utachunga mbuzi zake mpaka ndevu ikuote."

Yaya alitia jino mu mfuko. Alienda kuikala nyuma ya jiko, anachora goli mu majivu na kidole. Mimi nilienda kuikala karibu. Alichora, akafuta, akachora tena, na mimi sikukuwa namuona hivi hata siku alipopasuka nyusi.

Kambi yote ilijua maneno ya mama, juu mama hakusema kwa sauti kidogo. Basi balianza kutafuta beki munene. Na munene alikuwako. Mwendo kama saa moja kwa miguu kulikuwa bantu balitoka Mofwe, balihamia pwani, na kati yabo kijana moja mwenye mabega sawa mulango. Balimuona pa soko anabeba mifuko mbili ya muhogo, moja huku, moja kule, na anapiga mululuzi.

Jirani yetu mwenye kuuza bitumbula, yale maandazi ya mafuta, alikuwa na habari mupya kila asubuhi. "Anakuya!" Kesho yake, "Haji, Kashikishi bamemupa shati." Kesho kutwa, "Anakuya! Alikula bitumbula yangu tano. Mutu akikula bitumbula yangu tano hawezi kucheza kwa bengine."

"Alilipa?" mama akamuuliza.

"Aah, weye nawe! Mutu analipisha beki?"

Mwalimu wetu njo alikuwa mukubwa wa ekipe. Alikuwa Muluba, mutu wa kusoma, suruali na mustari. Alikamata jogoo nyekundu ya kambi, akaenda nayo kwa baba ya kijana. Baba alikubali mbio mbio, jogoo ikapikwa, bakakula bote wawili. Mwalimu alirudi anaimba. Tulicheza ngoma ya furaha mpaka vumbi ikafunika chisense, na banamuke bakatutukana.

Kesho yake, yama ya kijana, maana ndugu ya mama yake, alitokea mu ziwa na bwato. Hakushuka hata vizuri. "Nani alikula jogoo juu ya mutoto wangu?"

"Mukwai," mwalimu akasema kwa heshima, "tuliomba baba yake, na yee alikubali."

"Baba yake ni mugeni kama weye! Alikuya kuoa tu. Mutoto ni wa dada yangu, basi ni wangu. Iko wapi ile jogoo?"

Jirani wa bitumbula akajibu polepole, "Jogoo imeisha, mukwai. Mpaka kichwa."

Yama akageuza bwato. Mwalimu alibaki anaangalia viatu yake. Kwabo Baluba mutoto ni wa baba, na maneno imeisha hapo. Siye ba huku tulijua kwetu mutoto ni wa yama, lakini kila mutu alifikiri mwalimu anajua kila kitu, hakuna aliyemwambia. Na yaya alikuwa na siku ine tu mbele ya match.

Nkambo yangu, mama ya mama, alisikia yote ile mangaribi. Asubuhi alifunga kitambaa mupya, akanishika mukono, tukaenda kwa yama. Hakubeba jogoo, hakubeba chochote. Tulipofika aliikala chini pa muchanga, akapiga makofi ya heshima, akangojea. Yama alikuwa anakausha samaki, akajifanya hakutuona. Jua likapanda. Nilikuwa na njaa mpaka nikaonja muchanga. Kisha yama akachoka. "Mayo, mama yangu, munataka nini?"

"Nimekuya kuomba musamaha ya jogoo. Maneno ya kijana, tutaongea siku ingine."

Yama akacheka, hakuweza kujizuia. "Na kijana akienda kwenu, nani atakokota mukwao yangu?" Mukwao ni ile wavu mrefu, unaikokota kutoka pwani, inataka bantu bazito.

"Bote kumi na moja," Nkambo akasema. "Kila Jumamosi asubuhi."

"Hata yule mwenye kukohoa?"

"Hata yee. Atakokota anakohoa."

Jumamosi balienda bote, mwalimu na suruali yake ameikunja. Balirudi mikono imechubuka, na nyuma yabo kijana wa Mofwe, anabeba samaki za wote.

Siku ya Mungu ilifika. Yule kijana hakujua sana kupiga mupira, nikuambie ukweli. Alisimama tu mbele ya yaya. Ba Kashikishi balikuya mbio, bakamugonga, bakakaa chini, bakamuangalia. Balijaribu tena. Mushona nyavu akapata nguvu, hata yule wa kufunga macho alifungua moja. Siye tukafunga goli moja, na mwenye kufunga alibebwa mpaka ndani ya maji.

Nyumbani mama alivuta yaya pa mulango, fasi kuna mwanga. Akageuza uso yake huku na kule. Akamwambia afungue kinywa. Akapandisha shati, akaangalia mbavu. Vumbi tu.

"Enda ukaoge," akasema.

"Na siku ya Mungu ingine?"

"Siku ya Mungu ingine utaoga tena."

Leo ile kiwanja imejaa maduka ya soda na ya simu. Mukwao serikali inakataza, na ni haki, samaki imepunguka. Yaya amelala mu kaburi ng'ambo, na Nkambo hapa, karibu na kanisa. Hakuna tena mutu anaikala pa muchanga nusu siku kuomba mutoto ya mutu. Wimbo yenye tuliimba kisha ile match, bazee bachache banaijua bado, lakini ndani yake kuna jina ya mwenye kufunga tu. Siye batoto tulikuwa tunaikala nyuma ya goli, na kutoka kule haukuona kitu ingine, ni mugongo ya beki tu. Sura ya yule kijana imenipotea kabisa. Ile mugongo, inalowa jasho, haisogei, hata leo ukiniletea migongo mia moja nitaichagua.