Mkono Ulioshika Isale

Nikiulizwa leo ni siku gani ya ujana wangu ningeifuta kama ningeweza, mwanangu, sifikirii mara mbili. Ni Jumamosi moja ya masika kule Kibosho, wewe ukiwa bado unanyonya. Ilinirudia juzi uliponionyesha kwenye simu watu wanaorushiana mateke, ukasema, "Baba Mdogo, nimevuka thelathini na tumbo linaanza kutoka. Nianze karate, judo au ngumi?" Nilifumba macho, ukadhani nimesinzia. Jana nilipanda kwa baba yako kumwomba ruhusa nikueleze habari ya mkono wake, maana umekua ukiambiwa kwamba aliteleza shambani akauvunja. Akasema, "Mwambie. Lakini anza na kofi langu."

Basi naanza na kofi lake. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, fundi seremala, naishi Pasua, Moshi mjini, na mama yako mdogo Resti. Kila Jumamosi nilipanda Kibosho kuhudumia sehemu yangu ya kihamba, lile shamba la ukoo alilotugawia babu yako mimi na kaka yangu. Unajua maji ya mfongo, ule mfereji mkuu unaotoka mlimani, yana zamu, kila nyumba ina siku yake ya kuyafungulia mfereji wake. Siku ya zamu yangu nilikuta mfereji umezibwa kwa mawe na vipande vya migomba, maji yote yanakwenda kwa kaka. Nikazibua. Alipokuja tukatupiana maneno, nami nikamwita mwizi wa maji mbele ya watu. Akanizaba kofi. Resti alikuwepo, na majirani waliokuwa wakisubiri zamu zao walikuwepo. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, napigwa kofi kama mtoto aliyeiba sukari.

Siku ile nilishuka Moshi na wazo moja tu kichwani: akininyooshea tena mkono, nimwonyeshe.

Kwanza nilikwenda kwa Mwalimu Elinami, mzee aliyekuwa akifundisha judo jioni kwenye ukumbi mmoja mjini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza kazi yangu na kama magoti yangu yana shida. Kisha akanitazama usoni.

"Unamfikiria nani?"

"Simfikirii mtu, mwalimu. Nataka mazoezi tu."

"Haya. Tutaanza na kuanguka."

Na kweli, wiki mbili nzima tulianguka. Tukaanguka kwa nyuma, tukaanguka kwa ubavu, kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka. Wenzangu walikuwa wadogo kwangu. Mmoja wao alinibeba, akanishusha chini taratibu kama anaweka trei ya mayai, akaniuliza, "Uko sawa, kaka?" Upole ule uliniuma kuliko kama angenibwaga. Nikamwambia Resti kuwa nimetoka kudhalilishwa nyumbani, siwezi tena kwenda kujifunza kuangushwa. Nikaacha.

Nikapata bwana mmoja hapo hapo Pasua, aliyekuwa akifundisha nyuma ya nyumba yake. Mchezo wenyewe haukuwa na jina, ulikuwa mchanganyiko wa kila alichowahi kukiona. Huyu hakuniuliza lolote. Alinihakikishia kwamba baada ya miezi mitatu hakuna atakayenigusa. Somo lake lilikuwa moja: mkono ukija karibu na uso wako, piga kabla hujafikiri. Tulilirudia jioni baada ya jioni, mpaka nikawa nashtuka hata Resti akininyooshea kikombe cha chai. Vidole vilivimba, randa ikawa inanishinda kazini. "Mikono inayotulisha unaiharibu kwa ajili ya kofi moja," Resti akaniambia. Nilimkaripia, mwanangu, na hakuwa na kosa lolote. Nilikuwa najiona dume kwelikweli.

Jumamosi hiyo ninayokuambia, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nilikuwa nimeinama napunguza majani ya migomba karibu na mfongo, maji yanavuma, sikusikia mtu akija. Nikasikia tu sauti karibu kabisa na mgongo wangu: "Mdogo wangu." Nikageuka. Mkono ulikuwa mbele ya uso wangu. Nikapiga.

Sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa nimefundishwa vizuri.

Ngumi ilimpata shavuni. Akarudi nyuma, akateleza kwenye ukingo wa mfongo, akajikinga kwa mkono wa kulia juu ya mawe. Kiwiko kilivunjika na mlio wake niliusikia. Hapo ndipo nikaona alichokuwa amekishika. Lilikuwa jani la isale.

Ninyi wa siku hizi isale mnaijua kama mmea wa kuonyesha mpaka. Kwetu aliyekukosea akija na jani lake mkononi, amekuja kuomba msamaha, na huna ruhusa ya kumkataa, kosa liwe kubwa vipi. Miezi mitatu yote niliyokuwa najifunza kupiga, kumbe bibi yako alikuwa akimsihi kaka aje kwangu, na kaka, kwa kiburi chake chote unachokijua, alikuwa amekubali. Bibi yako alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, amekuja kuwa shahidi. Hakupiga kelele. Aliliokota jani lile kwenye tope, akalifuta kwa kanga yake, akaniambia, "Amekuletea isale, ukampiga. Sasa wewe tukuletee nini?"

Nilimwinua kaka, tukampeleka hospitalini.

Kiwiko kiliungwa hospitalini lakini hakikunyooka tena. Wiki hiyo hiyo nilimpelekea isale mimi, pale pale kitandani. Nililia mbele ya wagonjwa wengine wala sikuona haya. Alilipokea jani kwa mkono wa kushoto, akasema, "Kofi langu lilikuwa la makusudi. Ngumi yako hukuikusudia. Nyamaza, watu wanaangalia." Alipotoka hospitalini akawaambia wote kwamba aliteleza, kwa sababu alijua watu wa Kibosho wangeniitaje. Nawe ukakua na habari hiyo ya kuteleza. Amenibebea aibu yangu miaka yote hii.

Nilirudi kwa Mwalimu Elinami na kumweleza yote. Hakunihurumia. "Nilikuuliza unamfikiria nani ukanidanganya," akasema. "Ungeniambia ni kaka yako, ningekurudisha Kibosho ukaongee naye kwanza. Mtu akiingia hapa na adui kichwani, kila ninachomfundisha anakigeuza silaha ya kumpigia adui yule." Kisha akanionyesha mkeka, nikaanza upya kuanguka. Nilikaa kwake mpaka magoti yalipokataa.

Sasa nikujibu. Jina la mchezo lisikusumbue sana. Karate ni nzuri, judo ni nzuri, ngumi ni nzuri, na kote huko nimekutana na watu wenye akili na wapumbavu. Nenda ukakae pembeni siku mbili tatu bila kuvua viatu, uangalie. Je, mwenye nguvu anamshikaje aliye dhaifu? Aliyeumia anaangaliwa au anachekwa? Mwalimu asiyekuuliza umri wako, mgongo wako na kazi yako hakutaki wewe, anataka wingi wa watu. Wewe si wa miaka kumi na sita, kesho asubuhi una kazi na watoto, kwa hiyo chagua mahali patakapokurudisha nyumbani mzima. Anayekuahidi miezi mitatu mkimbie. Mimi niliipenda judo kwa sababu mwenzako anakuazima mwili wake, na ukimwangusha bado umemshika mpaka afike chini salama. Huenda wewe ukapenda kingine. Ila kama kuna mtu unayemfikiria ukitazama video zile, huyo nenda ukamalizane naye kwa mdomo kabla hujagusa mkeka wowote.

Baba yako huwapa watu mkono wa kushoto akiwasalimia, na wageni wasiomjua hudhani anawadharau. Nikiwepo, huwa naangalia chini. Kila msimu ninachuma mimi kahawa yake ya matawi ya juu, na hajawahi kuniomba. Ukitaka kunikasirikia kwa haya unayo haki, na sitakuja kujitetea.

Nenda ukajifunze, mwanangu. Ruwa, Mungu wetu, akutunze, akupe mikono yenye nguvu, na kila atakayekuja mbele yako amenyoosha mkono, akujalie umwone kwanza amekuletea nini.