Mkanda wa Namba Sita

Kwa miaka miwili hivi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilikuwa mtaalamu wa soka la wanawake la vyuo vya Marekani. Utaalamu huo niliupatia Hounslow, magharibi mwa London, kwenye kompyuta ya tatu kutoka dirishani katika maktaba ya mtaa, ambayo ukijiandikisha ulipewa saa moja. Marekani kwenyewe sijafika mpaka leo.

Kila wiki ilitoka orodha ya timu ishirini na tano bora, nami niliisoma kama wenzangu wanavyosoma magazeti ya nyumbani. Nilijua nani kapanda, nani kashuka, na nilikuwa na maoni makali kuhusu aliyestahili. Palikuwa pia na baraza la wazazi mtandaoni, ambako akina baba wa huko waligombana kama msichana fulani wa miaka kumi na sita ni mchezaji wa kiwango cha nyota tatu au nne. Nilijiunga. Nikajipa jina la bandia na kuanza kutoa ushauri. Baba mmoja aliwahi kunishukuru kwa uchambuzi wangu wa beki wake wa kushoto. Beki huyo sijamwona hata kwenye picha.

Sababu ya yote haya ilikuwa binti yetu wa pekee. Alikuwa na miaka kumi na saba, akichezea timu ya wasichana kwenye uwanja wa bustani upande wa Hayes, uwanja ambao kuanzia Oktoba ulikuwa tope na kuanzia Januari ulikuwa ziwa. Timu yake iliishia umri wa miaka kumi na minane. Baada ya hapo, kwa msichana wa kawaida wa London siku zile, mpira ulibaki kitu cha kufanya ukipata nafasi. Kule Marekani chuo kilikuwa tayari kukusomesha na kukufundisha mpira kwa pamoja. Aligundua mwenyewe, akaja kuniambia jikoni, kwa Kiingereza kama kawaida yake, akiwa bado na viatu vya mpira miguuni.

"Baba, hiki ndicho ninachokitaka. Sina kingine."

Hakuwahi kuniambia anataka kitu kwa namna ile. Kwa hiyo nilifanya kile ambacho msomi hufanya akiguswa moyo: nilikwenda maktaba.

Tatizo lilikuwa nafasi yake uwanjani. Alikuwa namba sita, kiungo wa kukaba, yule anayesimama mbele ya mabeki na kuziba mianya. Namba sita akicheza vizuri kabisa, mtazamaji huona kwamba hakuna kilichotokea. Na makocha wa Marekani walitaka mkanda wa video: dakika tano, mambo bora tu. Washambuliaji waliweka magoli yao. Sisi tungeweka nini, mianya?

Nikachagua vyuo kumi na viwili. Kumi na kimoja vilitoka kwenye orodha, kwa sababu nilikuwa mtu wa orodha. Cha kumi na mbili alikiongeza binti yangu. Ni chuo kidogo alichokiona kwenye kipeperushi, nami nilikiacha kibaki kwa huruma. Vyote viliandika kwamba nafasi zitajazwa mwisho wa Novemba.

Mkanda ulihitaji fundi, na fundi tuliyemjua alikuwa mmoja tu. Alikuwa Mkongo wa Bukavu aliyeishi Hayes, na hapakuwa na harusi, ubatizo wala kipaimara cha watu wetu upande ule wa jiji ambacho hakukipiga picha. Tena alikuwa na sifa moja ya kipekee: alijua kwamba mikanda ya Uingereza haichezi kwenye mashine za Marekani, na alijua kuigeuza, kwa sababu kila harusi ilikuwa na shangazi yake huko Texas.

"Munataka nifuate nani?" aliniuliza.

"Binti yangu tu. Ana sita mgongoni."

"Yeye peke?"

"Yeye peke yake. Usimwache."

"Papa, miye nikianza kufuata mutu, siwezi kumuachaka."

"Na mwanzoni utie kitu cha kuvutia kidogo, wapate hamu. Lakini kumbuka, dakika tano."

Alicheka sana. Nami nikacheka. Kila mtu alicheka kwa sababu yake.

Mechi yenyewe ilikuwa Jumapili mchana, nami nilikuwa zamu. Nilifanya kazi katika ofisi ya mizigo iliyopotea kwenye uwanja wa ndege, ambako shahada yangu ya fasihi ilinifaa sana katika kuandika barua za kuomba radhi. Wiki mbili baadaye fundi alinikabidhi mikanda kumi na mitatu kwenye sanduku la ndizi, kumi na miwili imeshafungwa kwa ajili ya posta, mmoja wa nyumbani. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Niliipeleka posta siku ileile. Ndiyo, bila kuitazama. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na mke wangu ndiye aliyeliuliza vizuri kuliko wote.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada na chakula, tuliketi watatu mbele ya televisheni.

Mkanda ulianza na ua la waridi. Likafunguka polepole, na ndani yake ikatokea sura ya binti yetu akiwa darasa la pili, bila meno ya mbele. Jina lake likapita kwa herufi za dhahabu. Kwaya ikaimba. Kisha likaja basi dogo la kanisa pembeni ya uwanja, na akina mama wakaanza kushuka mmoja mmoja, wametoka ibadani moja kwa moja, vitenge vimenyooka, vilemba vimesimama. Fundi aliwaalika. Harusi bila wageni aliiona wapi?

"Mpira uko wapi?" binti yangu aliuliza.

"Subiri, mama," nilisema. "Huu ni utangulizi."

Utangulizi ulichukua dakika kumi. Kila mgeni alipewa nafasi ya kumsalimu kocha. Mama mmoja mwenye kilemba cha njano, mkuu wa akina mama pale kanisani, aliikaribia kamera mpaka likabaki jicho.

"Kocha, Bwana asifiwe. Huyu ni mtoto wetu. Anakula vizuri, hachagui. Asubuhi ni mzito kuamka, hilo tunakuambia mapema usije ukasema tumekuficha. Tunakuomba umtunze."

Chini yake fundi alikuwa ameweka tafsiri ya Kiingereza, kama alivyowawekea wakwe wasiojua Kiswahili.

Ndipo mechi ikaanza. Fundi hakunidanganya: hakumwacha. Binti yangu akitembea, kamera ilitembea. Akifunga kamba za viatu, tuliona kamba zikifungwa. Timu yake ilipopata goli la pekee la siku ile tulisikia kelele, tukaona akina mama wawili wakiruka nyuma yake, lakini goli lenyewe halikuonekana. Tulimwona yeye, peke yake katikati ya tope, akimwonyesha beki wake kwa kidole arudi nyuma. Alipomnyang'anya mtu mpira, picha ilipunguzwa mwendo, na nyota zikamwagika kutoka juu. Mapumziko yalikuwa na chapati. Kocha wa timu pinzani alionekana akikunja ya pili. Mkanda mzima ulikuwa wa dakika hamsini na mbili.

Mke wangu alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Kisha akamtazama mtoto, akaacha kucheka.

Binti yangu alisimama. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alizungumza Kiswahili, taratibu, ili nisije nikasingizia sikuelewa.

"Baba, umeniozesha. Umeniozesha kwa makocha kumi na wawili."

Akapanda juu. Hakupiga mlango. Heri angeupiga.

"Msomi," mke wangu alisema. "Orodha zote zile ulizisoma. Mkanda mmoja ukakushinda."

Nilitaka kutuma mikanda mingine, lakini siku hazikutosha, na binti alikataa kupigwa picha tena na mtu yeyote. Tukabaki kusubiri. Nilikwenda mazoezini kumchukua, akapanda gari kiti cha nyuma, kama abiria.

Majibu yakaanza kuja. Vyuo saba vilijibu kwa barua za heshima ambazo mimi, mtu wa taaluma hiyo, nilizitambua tangu sentensi ya kwanza. Vitatu havikujibu. Kimoja, ambacho wiki ile kilikuwa nafasi ya tisa, kilitutumia kadi ya pongezi na kumtakia binti yetu maisha mema ya ndoa. Niliificha kadi hiyo kwenye kabati la mchele. Akaipata.

Simu ililia Jumamosi moja mchana. Sauti ya mwanamke, Kiingereza cha Marekani cha kuvuta, akaniambia yeye ni kocha wa chuo kile cha kumi na mbili. Nilianza palepale kuomba radhi, kwa ufundi wangu wote wa kazini: tunasikitika sana kwa usumbufu, tunatambua kwamba hali hii haikukidhi matarajio yako. Alinikatiza.

"Bwana, nimeutazama mara tatu."

Alisema kila mwaka anapokea mikanda mingi mno, na kwenye yote huona mpira, na mtu anayeugusa. Hapati kamwe kuona mchezaji anafanya nini mpira ukiwa mbali. Kwetu aliona hilo tu. Aliona binti yangu akigeuza shingo kutazama nyuma kila baada ya sekunde chache. Aliona kwamba wenzake walipokimbilia goli kushangilia, yeye alikuwa akiwapanga mabeki. Aliona alipopiga pasi mbaya kabisa katika kipindi cha pili, pasi ambayo mzazi yeyote mwenye akili angeikata, na akaona alichofanya baadaye: hakuinamisha kichwa, alikimbia kurudi na kuuchukua mpira ule tena.

"Naweza kumfundisha kupiga pasi," alisema. "Hayo mengine siwezi."

Kisha akaomba aongee na mchezaji. Nilimkabidhi binti yangu simu, nikasimama mlangoni nikijifanya natafuta miwani. Alisikiliza. Alisema ndiyo mara nyingi. Alipokata simu alikaa chini kwenye ngazi.

"Ananitaka. Skolashipu, kila kitu. Ila mwaka wa kwanza sichezi mechi. Nafanya mazoezi tu, najengwa, halafu mwaka huo hauhesabiwi kwenye miaka yangu ya kucheza."

Ningepaswa kumkumbatia. Badala yake, Mungu anisamehe, yule bwana wa baraza la wazazi aliyekuwa ndani yangu akafungua mdomo.

"Lakini mama, chuo chenyewe hakimo hata kwenye mia moja bora."

Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Na kile ulichosoma wewe kilikuwa nafasi ya ngapi?"

Binti yangu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya waridi. Akasema, "Baba, nitakayecheza ni mimi, siyo orodha." Kisha akauliza kama tuna saa ya mezani yenye kelele, maana kocha amemwambia mazoezi ni saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba anasikia kuna tatizo.

Aliondoka mwezi wa Agosti. Akina mama walikuja na basi lao kumsindikiza, na mwenye kilemba cha njano alimpa salamu za kumfikishia kocha kana kwamba wamesoma pamoja. Mimi nilijitoa kwenye baraza la wazazi. Baba wa yule beki wa kushoto alisikitika.

Mwaka wake wa pili, alipoanza kucheza, alitutumia mkanda wa mechi uliopigwa na chuo. Nilimwalika fundi, niliona ni haki yake. Picha ilikuwa safi, ya kutoka juu jukwaani, kamera ikiufuata mpira kokote ulikokwenda. Ulikwenda kulia, ukaenda kushoto, ukaenda golini. Binti yetu tulimwona akipita kama nzi.

Fundi alivumilia robo saa.

"Papa," alisema, "huyu alipiga hii kazi hakuambiwa bibi arusi ni nani."

 Siku zote mke wangu amekuwa akidai kwamba mpira haujui na hataki kuujua. Alisogeza kiti mbele, akatazama kidogo, kisha akaweka kidole kwenye televisheni. Si kwenye kioo, bali pembeni, kwenye fremu nyeusi ya plastiki.

"Yuko hapa," alisema. "Anatazama nyuma."

Mpira ukarudishwa katikati, kamera ikageuka kuufuata, na kutoka palepale kwenye kidole cha mama yake akaingia namba sita, shingo ikiwa bado imegeuka.